Deni la Mtu na Jina Lake

Mtu akikopa feza, ametoa ahadi. Ahadi hiyo yamfunga, wala hakuna mwenye akili anayelikana jambo hilo. Lakini swali linalofuata ni gumu zaidi. Akishindwa kulipa siku iliyowekwa, mkopeshaji amepata haki juu ya kitu gani? Juu ya feza zake, naam. Juu ya rehani, kama iliwekwa. Je, amepata haki pia juu ya jina lake, juu ya sifa yake mbele ya wakwe, mbele ya bwana wa kazi na mbele ya majirani?

Swali hili ni la kale, lakini katika miaka hii limeamka upya kwa sababu ya simu ya mkononi. Nchi moja ambamo watu wamelishindania sana ni Kenya. Yafaa wasomaji wayajue mambo yaliyotokea huko, maana simu iliyoko Nairobi iko pia Bukavu, Kalemie na Kolwezi, na mikopo ya namna ile haizuiwi na mpaka wa nchi.

Kwanza msomaji aelewe namna kazi hiyo inavyofanyika. Tangu mwezi wa Machi 2007 watu wa Kenya wametumiana feza kwa simu, kwa njia iitwayo M-Pesa. Mwaka 2012 kampuni ile ya simu ikaungana na benki moja, wakaanzisha M-Shwari. Humo mtu aliweka akiba yake katika simu, naye aliweza kukopa humo humo, pasipo kwenda mjini, pasipo karatasi, pasipo mdhamini. Ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Hesabu hiyo yaonekana ndogo. Lakini mwenye kukopa 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima ametoa shilingi 900 za ada, kwa ajili ya kuitumia 1,000 ile ile.

Hata hivyo mtu asidharau faida yake. Mama ambaye mtoto wake ameamka usiku na homa kali apata feza za dawa kwa dakika chache, wala halazimiki kugonga mlango wa jirani. Anayelaumu mikopo hiyo yote pamoja, labda hajakesha hata siku moja na mtoto mgonjwa pasipo feza nyumbani.

Baada ya benki wakaja wengine, nao hawakuwa benki. Hawakupokea akiba ya mtu. Walikopesha tu, kwa njia ya programu ambayo mkopaji aliiweka katika simu yake. Na kwa kuwa sheria ya benki ilitungwa hasa kusudi kulinda akiba za watu, na hao hawakushika akiba ya mtu yeyote, Benki Kuu ya Kenya haikuwa na mamlaka juu yao. Kila mmoja akajiwekea bei aliyoitaka, na adabu aliyoitaka.

Programu ile, kabla ya kutoa feza, iliomba ruhusa. Iruhusiwe kuyaona majina na namba zote zilizomo katika simu? Mwenye haja alijibu ndiyo, kwa kubonyeza mara moja. Maneno ya mapatano yalikuwa marefu, mara nyingi kwa Kiingereza cha mawakili, na kijiandishi chake kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Nani aliyeyasoma?

Na tufikiri fundi mmoja wa kushona, mwanamke aliyeolewa, aliyekopa shilingi 2,000 za kununulia kitambaa. Mteja wake akachelewa kumlipa, na siku ya deni ikapita. Siku chache baadaye ujumbe ukafika kwa mama mkwe wake, kwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto wake, na kwa mtu aliyemshonea suruali zamani akamsahau. Wote wakaambiwa kwamba fulani amekula feza za watu, wamhimize alipe. Mama mkwe hajui kusoma. Kijana wa jirani ndiye aliyemsomea. Akamwambia: «Bibi, wanasema mke wa mwanao ni mwizi.» Neno mwizi halikuwamo katika ujumbe. Lakini ndivyo habari inavyotembea, na hakuna mashini iwezayo kuifuata nyuma na kuirekebisha.

Mambo ya namna hiyo yaliwapata watu wengi sana huko Kenya, hata malalamiko yakafika Bungeni. Basi serikali ilifanya nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuweka msingi. Kifungu cha 28 chasema juu ya heshima ya kila mtu, cha 31 juu ya haki ya kutoingiliwa katika mambo yake ya siri, cha 46 juu ya haki za mnunuzi wa vitu na huduma. Lakini msingi pasipo kuta haumkingi mtu mvua. Mwezi wa Novemba 2019 ikaja sheria ya kulinda habari za watu. Aprili 2020 Benki Kuu ikawazuia wakopeshaji wasiosimamiwa wasipeleke tena majina ya wadaiwa kwa ofisi zinazoandika sifa za wakopaji, na ikaamuru kwamba mtu asiandikwe kuwa mdaiwa mbaya kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Kabla ya hapo, deni dogo kama bei ya kuku mmoja liliweza kumfungia mtu milango ya benki zote.

Mwezi wa Desemba 2021 Bunge likaipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wa simu, na tarehe 18 Machi 2022 kanuni zao zikatangazwa. Humo ndimo jibu la swali lilimoandikwa. Mkopeshaji lazima awe na ruhusa ya Benki Kuu. Lazima amwonyeshe mkopaji bei na masharti yote kabla ya kupatana. Na katika kudai deni, asitumie vitisho wala matusi. Asiingie katika orodha ya namba za mdaiwa kusudi awapelekee watu hao habari za deni. Asitangaze hadharani majina ya wadaiwa. Hata hivyo deni labaki deni. Sheria haikumfutia fundi wetu hata shilingi moja ya zile 2,000.

Hapo mtu mmoja aweza kusimama na kusema: «Lakini yeye mwenyewe alikubali. Alibonyeza ndiyo. Mtu mzima aliyekubali analalamikia nini?»

Neno hilo lina nguvu, lisipuuzwe. Ulimwengu ambamo hakuna anayefungwa na neno lake ni ulimwengu ambamo hakuna atakayemkopesha maskini. Lakini na tuangalie alikubali kitu gani. Aliweka rehani majina ya watu 200 yaliyomo katika simu yake. Je, majina hayo yalikuwa mali yake? Namba ya mama mkwe alipewa kusudi amsalimu na kumwuguza. Namba ya mwalimu alipewa kwa ajili ya masomo ya watoto. Hao hawakukopa, hawakubonyeza kitu, hawakuulizwa. Mtu hawezi kuweka rehani mbuzi wa jirani, hata kama jirani amemwachia amchunge. Na anayempokea mbuzi huyo, akijua ni wa mwingine, naye ana kosa. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mapatano yale, kupita hata wingi wa riba. Ofisi ya Kenya inayosimamia ulinzi wa habari za watu yaelekea imeliona jambo hilo vema. Mwaka 2023 ilimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya shilingi 2,975,000, kwa kuwa alitumia majina na namba alizozipata kwa watu wengine, akawapelekea wenye namba hizo simu na ujumbe wa vitisho.

Tena kukubali kwa mtu aliyebanwa na haja si sawasawa na kukubali kwa mtu aliyeketi kivulini akifikiri. Haja haiondoi ahadi, bali yamwongezea mwenye nguvu wajibu wa kusema wazi.

Wengine husema hivi: «Yaliyotangazwa ni kweli. Anadaiwa, na imesemwa kwamba anadaiwa. Kosa liko wapi?» Hapa wakatekumeni wakumbuke fundisho walilopewa juu ya amri ya nane. Kumsingizia mtu ni kusema uongo juu yake. Lakini kumsengenya, yaani kufunua kosa lake la kweli kwa watu wasiopaswa kulijua, pasipo sababu ya haki, ni kosa pia. Ukweli hauwi ruhusa ya kulisema kila jambo mbele ya kila mtu. Mwalimu mkuu alihitaji kulijua deni la fundi kwa sababu gani? Hakuna. Alipewa habari hiyo kusudi uso wake uwe fimbo. Na walimu wa maadili wameshika siku zote kwamba aliyeharibu jina la mtu amepaswa kulirudisha, kama mwizi apaswavyo kurudisha mali. Ugumu ni huu, kwamba 2,000 zarudishwa kwa kuhesabu noti; lakini jina lililotawanywa kwa watu 200 larudishwaje? Ndiyo sababu kulizuia jambo hilo mapema kuna maana kuliko kulipa fidia baadaye.

Sheria ya namna hii haikuzuliwa leo. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala karibu miaka 1,750 kabla ya Kristu, zilisema kwamba mkulima ambaye shamba lake limeharibiwa na mafuriko au ukame asitoe nafaka ya deni mwaka huo, wala asilipe riba yake. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, yaingia ndani zaidi. Yamkataza mkopeshaji asiingie katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Imempasa asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Yakataza pia kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana bila jiwe hilo nyumba haitapata unga.

Wasomaji wa mashambani watalielewa jambo la mlango upesi kuliko watu wa mjini. Mkopeshaji akiingia ndani, ataona kitanda kilichovunjika, chungu kitupu, mke aliyevaa nguo ya kazi. Hakuja kwa ajili ya hayo, lakini atakuwa ameyaona, na mdaiwa atakuwa ameonwa. Musa alimwacha mdaiwa atoke mwenyewe, amesimama kwa miguu yake, na rehani mkononi. Simu ya leo ni nyumba. Imejaa barua, picha, namba, habari za ugonjwa na za ndoa. Programu iliyochukua orodha ya majina iliingia ndani usiku, na kanuni za 2022 zimeirudisha nje ya mlango.

Na jiwe la kusagia? Kwa fundi wa kushona jiwe hilo si cherehani tu. Ni imani ya wateja wanaomwachia kitambaa chao. Akitangazwa kuwa mla feza za watu, nani atamwachia tena meta tatu za kitambaa? Mkopeshaji aliyevunja jina lake amevunja pia chombo ambacho kingemlipa.

Kuna pingamizi jingine, nalo ni la hekima kuliko yale mawili. Vijijini kwetu aibu ni mlinzi wa kale. Mtu asiyelipa huitwa mbele ya wazee, na wazee husema mbele ya watu: «Mwanetu, ulichukua mbuzi wa mwenzako tangu mavuno, utamrudisha lini?» Je, hiyo siyo aibu? Ndiyo, ni aibu, na mara nyingi imeponya. Lakini mdaiwa yupo hapo. Anajibu. Aweza kusema mke alifiwa, muhogo ulioza, mteja hajalipa. Na wazee waweza kuongeza miezi miwili, hata mmoja wao akatoa kuku kusaidia. Walioisikia aibu yake ndio hao watakaomsamehe, na akiisha kulipa, wote wajua kwamba amelipa. Ujumbe wa simu hausikilizi neno. Watu 200 wanaambiwa deni. Siku ya kulipwa, hakuna hata mmoja anayeandikiwa. Mfano wa wazee basi haumsaidii mkopeshaji wa simu. Wamhukumu.

Isidhaniwe kwamba sheria imemaliza kazi. Mwezi wa Septemba 2022, wakati muda wa kuomba ruhusa ulipokwisha, maombi yalikuwa 288, na waliopewa ruhusa walikuwa 10 tu. Mwaka 2025 waliopewa walikuwa wamepita 100. Wasio na ruhusa hawakutoweka siku moja. Programu huzimwa kwa jina moja, ikafufuka kwa jina jingine. Jambo lililosaidia sana halikutoka Bungeni: kuanzia tarehe 31 Mei 2023 Google, kampuni ambayo katika duka lake watu wengi hupata programu za simu zao, ilikataza programu za mikopo zisisome namba wala picha za mtu. Mwenye duka akikataa kuuza funguo, wezi hupungua, hata kama polisi ni wachache. Na mwezi wa Desemba 2024 Bunge la Kenya likapanua sheria ile, iwashike pia wakopeshaji wengine wasiopokea akiba, hata wale wanaouza vitu vya kulipwa kidogo kidogo.

Juu ya bei yenyewe ya mkopo, Kenya ilijaribu njia nyingine ikajikwaa. Mwaka 2016 riba ya benki iliwekewa kikomo, isipite 4 kwa mia juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Lakini benki zikaona mkopaji mdogo hana faida tena, zikapendelea kuikopesha serikali. Na wale wa simu wasiokuwa benki hawakuguswa na kikomo hicho. Novemba 2019 kikaondolewa. Kanuni nyingine ya nchi hiyo, ambayo benki zimefungwa nayo tangu 2007, yaonekana kuwa na akili zaidi: deni likisha kukwama, riba isizidi kiasi cha deni lililobaki siku lilipokwama. Aliyebakiza 3,000 hawezi kuongezewa zaidi ya 3,000 za riba, hata ikipita miaka kumi. Warumi wa kale walikuwa na kanuni ya namna hiyo.

Na mdaiwa je? Yako mambo ambayo hakuna sheria itakayomfanyia. Kuna mtu anayekopa kwa mmoja kumlipa mwingine, na kwa wa tatu kumlipa wa pili, mpaka hajui tena anamdai nani na anadaiwa na nani. Kuna anayebadili namba ya simu siku ya deni, akijisifu barazani kwamba amewashinda wajanja. Huyo hakushinda mtu. Amemwibia yule atakayekuja kesho na haja ya kweli, akute bei imepanda kwa sababu ya waliokimbia. Sheria inayomlinda mdaiwa asiaibishwe haikutungwa kwa ajili ya kumfichia uongo wake. Aliyeshindwa imempasa kwenda mwenyewe kwa mkopeshaji, mapema, na kusema: «Nimeshindwa, nipe siku.» Kwenda hivyo kunaumiza, lakini ndiko kutoka mlangoni na rehani mkononi.

Hapa Kongo, sheria ya mwaka 2011 juu ya mikopo midogo yataka kila anayefanya kazi hiyo awe na ruhusa ya Benki Kuu ya Kongo. Na amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, juu ya mambo ya kidijitali, ina sehemu nzima ya kulinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo mkatekumeni anayeombwa kubonyeza ndiyo ana haki ya kuuliza kwanza maswali matatu: huyu ana ruhusa ya nani, nitarudisha franka ngapi kwa jumla, na kwa nini ataka kuyaona majina ya ndugu zangu. Akikosa jibu kwa moja tu, heri amgonge jirani mlango.

Lakini kuna mikopo ambayo Benki Kuu haiifikii, wala haina haja ya kuifikia. Katika vijiji vingi watu huweka feza pamoja na kupeana kwa zamu, likelemba, na daftari hushikwa na mmoja wao. Mwisho wa mwezi hutafutwa waliochelewa. Kuna likelemba ambamo mwenye daftari huwaendea jioni, nyumbani, akisimama nje na kupiga hodi. Na kuna nyingine ambamo majina husomwa kwa sauti siku ya Dominika, watu wanapotoka kanisani, mbele ya wageni na watoto. Mashini haikuwafundisha hao. Mjane aliyekosa zamu mbili husimama karibu na ukuta akingoja jina lake, na mwenye daftari, aliye jirani yake tangu utoto, anafungua ukurasa.